Magaga Yasiyouma

Kisa hiki sikitajii jina wala kijiji, maana ni cha nyumba nyingi.

Mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, alikuwa na magaga ya miaka na miaka. Visigino vilipasuka hadi kutoa damu. Wanawe walimpenda kwa dhati. Wa Dar es Salaam alituma mafuta ya mgando. Wa Morogoro alinunua tyubu ya krimu iliyosifiwa na muuza duka. Binti aliyekaa naye aliyeyusha nta ya mshumaa akaijaza kwenye nyufa, na kitinda mimba akawa anamkata ngozi ngumu kwa wembe. Kila mmoja alikuja na dawa yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini ngozi ile haifungi.

Dalili zilikuwepo. Mama alikuwa na kiu isiyokatika, usiku akiamka kwenda msalani mara kwa mara, na mwili ukipungua. Wakasema ni uzee.

Siku moja akawaambia neno lililowafurahisha wote: "Wanangu, miguu haiumi tena." Nyufa zilikuwa palepale, lakini wao wakashukuru, wakaamini dawa imekubali.

Kumbe hapo ndipo hatari ilipoanza. Sukari ikikaa juu mwilini kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na ile ya miguuni ndiyo hutangulia. Mguu ukipoteza fahamu hupoteza na jasho lake. Ngozi hukauka, hukakamaa, hupasuka. Mwenye mguu huo anaweza kukanyaga msumari asijue. Damu nayo ikiwa haifiki vizuri kwenye nyayo, kidonda kidogo hukosa nguvu ya kupona. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimlinda mama yule, na wanawe walishangilia yalipoondoka.

Jioni moja binti alimwandalia beseni la maji ya moto yenye chumvi. Mama akatumbukiza miguu bila kushtuka. Asubuhi yakaonekana malengelenge, na siku chache baadaye kisigino kilivimba na kutoa harufu. Hospitalini muuguzi alimpima sukari, kisha akamwomba afumbe macho.

"Bibi, nimekugusa kidole gani?"

"Bado hujanigusa, mwanangu."

Alikuwa ameshavigusa vyote vitano. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Watoto wale hawakukosa upendo wala fedha. Walikosa kipimo ambacho huchukua tone moja la damu.

Magaga mengi si ya kutisha. Huletwa na ukavu, kutembea pekupeku, au ndala zinazoacha kisigino wazi, nayo hulainika kwa kuosha miguu, kuikausha, na kupaka mafuta ya mgando au krimu yenye urea kila usiku. Yakigoma baada ya wiki kadhaa, tafuta chanzo. Huenda ni fangasi, soriasisi, ukurutu, hitilafu ya tezi ya shingo, au kisukari. Mabaka yenye ganzi yaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure. Dawa ya ugonjwa mmoja huweza kuchochea mwingine: krimu yenye steroidi, kama betamethasoni, hutuliza muwasho huku fangasi wakizidi kuenea chini yake.

Mpeleke mzazi kituo cha afya apimwe sukari. Kabla ya kifungua kinywa, kiwango cha milimoli 7 kwa lita au zaidi ni cha kisukari, na kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. Omba pia nyayo zikaguliwe na kupimwa fahamu. Ngozi ikihitaji mtaalamu, omba rufaa. Tangu 1992 kituo cha KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha matabibu wa magonjwa ya ngozi.

Mzazi akikutwa na kisukari, weka wembe mbali. Maji ya kuoshea yajaribiwe kwanza kwa kiwiko cha mwenye afya. Usimloweke miguu muda mrefu, na usipake mafuta katikati ya vidole. Kagua nyayo zake kila jioni kwa macho, usingoje akwambie zinauma. Avae viatu vilivyofunika mguu, hata ndani ya nyumba.

Na wewe uliye mbali, kabla hujatuma pesa ya dawa ya magaga, tuma nauli ya kwenda kupimwa.