Mungu Hatetewi kwa Uongo

Somo: Yoshua 10:12–14, Ayubu 13:7–10



Wiki hii naanza na toba. Miezi michache iliyopita, Jumapili ya vijana, nilihubiri juu ya Yoshua na ile siku jua liliposimama. Ili niwanase wanafunzi, nikaongeza hadithi ambayo wengi wenu mmewahi kutumiwa kwenye simu: eti kompyuta za NASA, shirika la anga la Marekani, zilikuwa zikihesabu siku kurudi nyuma, zikakwama kwa sababu siku moja imekosekana katika historia. Kanisa likapiga makofi. Amina zikasikika hadi barabarani.

Halafu msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Pasta, samahani. Hiyo siku walijua imepotea wakilinganisha na nini?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kusema sijui, nikamwambia asilete ujuaji mbele ya madhabahu. Watu wakacheka. Akaketi. Jumapili iliyofuata hakuja. Na ile nyingine pia hakuja.

Nikaanza kutafuta majibu, na kusema kweli nilitaka kumshinda. Nikamwendea ndugu mmoja wa hapa kanisani anayefundisha fizikia. Akaniambia wazi kwamba msichana alikuwa sahihi. Kompyuta haiwezi kujua siku imepotea bila kumbukumbu ya zamani ya kulinganisha nayo. Tena hadithi yenyewe ina umri kuliko NASA. Shirika hilo lilianzishwa 1958, ilhali Mmarekani Charles Totten alishaandika mwaka 1890 kwamba ameipata siku hiyo kwa hesabu zake. Baadaye watu wakaivalisha kompyuta, na mimi nikaipandisha madhabahuni.

Je, dunia inasukumwa na nani?

Nilimuuliza ndugu yule swali hilo. Akachukua baiskeli yake, akaigeuza juu chini, akalizungusha gurudumu kisha akaondoa mkono. Likaendelea kuzunguka. "Pasta, sasa hivi nani analisukuma?" Hakuna. Kitu kikishaanza kwenda huendelea mpaka kitu kingine kikizuie. Ndiyo maana dereva wa matatu akikanyaga breki ghafla, mwili wako unaenda mbele. Gurudumu husimama kwa sababu ya msuguano, pale katikati linapozungukia na kwenye hewa. Dunia haijashikiliwa na chuma chochote, na hewa yake inazunguka pamoja nayo. Wanasayansi husema ilipata mzunguko wake ilipofanyika kutoka kwa wingu la gesi na vumbi lililokuwa likizunguka. Pale Nanyuki, kwenye ikweta, unabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na chai yako haimwagiki.

Lakini breki kidogo ipo. Waliokaa Mombasa au Lamu wanajua maji kujaa na maji kupwa. Mwezi huvuta bahari, na maji yale yakisuguana na dunia inayozunguka, huipunguza mwendo. Mwezi nao husogea mbali nasi kama sentimita 3.8 kila mwaka. Hilo hupimwa kwa mwanga unaorudishwa na vioo ambavyo wanaanga walianza kuviacha kule mwezini mwaka 1969.

Kwa hiyo ndiyo, dunia inapunguza mwendo. Kila miaka 100 inapopita, siku huongezeka urefu kwa chini ya sehemu 2 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Si mwendo laini pia: tangu 2020 kumekuwa na siku zilizokwisha mapema kidogo kuliko saa 24. Lakini kwa muda mrefu inachelewa. Tangu 1972 sekunde 27 zimeongezwa kwenye saa rasmi za ulimwengu. Ya mwisho ilipofika, kwetu Kenya ilikuwa saa tisa usiku, kuamkia Januari 1, 2017. Wengi wetu tulikuwa kwenye kesha tukimsifu Bwana. Sekunde ile ikapita katikati yetu na hakuna aliyeisikia.

Mashahidi wa Babeli

Ya zamani yanajulikanaje? Hapa ndipo moyo wangu ulipochomwa. Mwaka 136 kabla ya Kristo, jua lilipatwa kabisa juu ya mji wa Babeli, na waandishi wa pale wakaandika kwenye vibao vya udongo kwamba nyota zilionekana mchana. Leo, ukihesabu kurudi nyuma ukidhani dunia haijawahi kubadilisha mwendo, giza lile linaangukia mbali sana magharibi mwa Babeli. Tofauti ni zaidi ya saa tatu za mzunguko. Vijisehemu vile vya sekunde, siku baada ya siku, vimejumlika kuwa masaa.

Fikiria, mpendwa. Watu wale waliabudu miungu mingine. Lakini waliandika walichokiona, bila kuongeza chumvi, na zaidi ya miaka 2,000 baadaye ushuhuda wao bado unasimama. Mimi nikiwa na Biblia mkononi nilitoa ushuhuda ambao haukusimama hata mbele ya swali moja la mtoto.

Mama mmoja mzee aliposikia nataka kukana hadithi ile, aliniambia, "Pasta, mimi ilinijenga. Mbona uniondolee?" Sikumjibu haraka, maana lilikuwa swali la haki. Mwishowe nikamuuliza, "Mama, ulimwamini Mungu wa Yoshua kabla au baada ya kompyuta?" Akacheka. "Kabla ya hata stima kufika kwetu." Basi kompyuta haikumjenga. Ilipambwa tu ukutani, na nyumba ilikuwa imeshasimama.

Lakini kijana anayeanza kujenga anaweza kuifanya nguzo. Siku moja mtu ataing'oa, na paa litamwangukia yeye. Siku jua liliposimama mimi naliamini kama muujiza, na muujiza hauombi risiti kwa NASA. Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wanadhani wanaweza kumtetea Mungu kwa maneno ya udanganyifu, akawaonya kwamba Mungu mwenyewe atawakemea. Walidhani wako upande wa Mungu. Nami nilidhani hivyo.

Nilienda nyumbani kwa yule msichana. Mbele ya mamake nikamwambia, "Swali lako lilikuwa zuri. Nilikosa kwa hadithi, nikakosa zaidi kwa kukuaibisha. Nisamehe." Alinisikiliza, akasema, "Sawa, Pasta." Hakuongeza neno. Bado hajarudi kwenye kundi la vijana. Jumapili iliyopita nilimwona ameketi safu ya nyuma, karibu na mlango.

Wazazi na walimu wa watoto, mtoto akikuuliza usilolijua, sema, "Sijui, twende tukatafute." Na kabla hujatuma ujumbe ule wa "sambaza kwa watu kumi", jiulize: wamelinganisha na nini?

Tuombe: Bwana, uweke mlinzi kinywani mwetu, hata tunapolisifu jina lako. Amina.