Nimekushika

Kuna uongo ambao karibu kila aliyejifunza baiskeli amewahi kuambiwa: "Usiogope, nimekushika." Unakanyaga pedali, upepo unakupiga usoni, kumbe aliyekushika alishaachilia kitambo. Watu husimulia hadithi hii wakicheka. Mimi ilinichukua muda mrefu kucheka.

Nilijifunzia Ifo, kwenye kambi za Dadaab, na Black Mamba ya Abti. Abti ni mjomba kwa Kisomali, na yeye pia huniita abti. Neno ni lilelile kwenda na kurudi. Nikikaa kwenye kiti, miguu ilikuwa haifiki chini. Na mchanga wa kule hauna huruma. Ukienda polepole, gurudumu la mbele linazama. Lazima ukanyage kwa nguvu, yaani ufanye kilekile unachokiogopa.

Nilikuwa mtoto wa haya. Dukani nilisubiri wateja wote waondoke ndipo niagize sukari. Kwa hiyo nilimwomba Abti twende alfajiri, kabla watu hawajatoka. Tukachelewa. Tulipofika karibu na bomba la maji, foleni ya mitungi ilikuwa imeshajipanga, na wenye mitungi wamekaa wanatutazama.

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Nilipouliza mara ya tatu, jibu lilitoka mbali. Nikageuka, nikaanguka. Foleni nzima ikacheka.

Goti lilipona haraka. Kilichobaki ni hiki: kila mtu pale bombani alikuwa ameona Abti akiachilia. Ni mimi tu sikujua. Tunadhani mtoto mwenye haya anaogopa kuanguka, au kutazamwa. Labda. Mimi nilichoogopa zaidi ni kuwa wa mwisho kujua jambo linalonihusu mwenyewe.

Utaniambia: lakini si uliendesha? Kweli, hatua kama ishirini. Ila ule ujasiri haukuwa wangu. Ulikuwa wa Abti, mimi nilibebeshwa tu, na nilipogeuka ukaisha.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hufai kudanganya hata muuaji aliyebisha mlangoni akimtafuta rafiki yako. Hapo ananipoteza, muuaji ningemdanganya bila kupepesa macho. Lakini muuaji tunamdanganya kwa sababu hatuwezi kumkabidhi ukweli. Mtoto je, tunamwogopea nini? Ati akijua ataacha? Basi aache. Kesho atarudi mwenyewe.

Pengine swali hili lingekuwa dogo mahali pengine. Ifo ilianzishwa 1991, na kambi tatu za mwanzo za Dadaab zilipangiwa watu 90,000, kwa muda. Ule muda ukazaa watoto, nao wakazaa wao. Nimekua nikisikia watu wazima wakiambiwa wasubiri, faili inashughulikiwa. Januari 2017, rais wa Marekani alipotia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, kuna familia za Dadaab zilizokuwa zimesubiri kwa miaka, zimeshahojiwa na kupimwa, zikabaki zilipokuwa. Sisemi kila aliyewaambia wasubiri alikuwa mwongo. Nasema najua uso wa mtu mzima anayegundua kwamba mkono uliokuwa nyuma yake haupo. Sio tofauti sana na wa mtoto.

Sikugusa baiskeli kwa miezi. Abti hakunisukuma. Siku moja alikuja akakaa kando yangu, akasema, "Abti, nilikudanganya. Safari hii nitahesabu. Nikifika tatu, naachilia."

Niliogopa kuliko mara ya kwanza. Mkono ule nyuma ya kiti, nilikuja kuelewa, haukuwa unanisimamisha. Baiskeli husimama kwa mwendo na kwa usukani: ukianza kuangukia kushoto, unageuza kushoto kidogo, inajinyoosha. Hilo hakuna wa kukufanyia. Mkono ulikuwa wa kunipa moyo tu, na moyo unaweza kupewa pamoja na ukweli.

"Moja. Mbili." Ningeweza kusema ngoja. Nilijua ningeweza, na nadhani ndiyo maana sikusema.

"Tatu."

Nilipita bomba, nikapita foleni, nikaangukia kwenye ua wa miba wa jirani. Walicheka tena. Safari hii nilikuwa najua wanachocheka, nikacheka nao.