NI NYAYO ZA NANI?



Somo letu mwezi huu latoka Kutoka 22, aya ya 10 hadi 13. Mtu amemkabidhi jirani yake mnyama amchungie. Ikiwa mnyama yule ameraruliwa na mnyama wa mwitu, mchungaji huleta mabaki yake yawe ushahidi, naye halipi kitu. Sheria hii twaipita upesi tusomapo, kana kwamba ni ya wafugaji tu. Lakini tazameni itakavyo: kabla ya kumdai mtu, lete mfupa, lete ngozi, tuone.

Yakobo hakufanyiwa hivyo (Mwanzo 37). Aliletewa kanzu yenye damu, akakata shauri kwamba mwanawe ameliwa. Hakuna aliyetumwa Dothani kutafuta hata unyayo mmoja. Damu ilikuwa ya mbuzi, na walioileta kanzu ndio waliomwuza mtoto. Mzee akamlilia miaka mingi mtu aliye hai huko Misri.

Twayasema haya kwa sababu huku kwetu kusini, mnyama akichukua mbuzi usiku, asubuhi watu hawaulizi ni mnyama gani. Huuliza nani amemtuma. Na jibu hupatikana upesi mno: ni bibi kizee fulani, mjane, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 50, hana mtoto wa kumtetea. Fisi ndiye aponzaye watu kuliko wanyama wote, maana husemwa kwamba wachawi humpanda.

Miaka michache iliyopita jirani yetu alipotelewa na mbuzi wawili. Kulipopambazuka, vijana walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni pa mama mmoja mzee, mshiriki wa Komunio kila Jumapili. Sisi tuliwaomba twende kwanza zizini. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, nyayo zikakaa katika udongo kama zimepigwa chapa: vidole vinne, alama ya ukucha mbele ya kila kidole, na nyayo za mbele kubwa kuliko za nyuma. Tukazifuata kupitia mahali ua ulipooza, hata korongoni, tukakuta kinyesi cheupe, ule weupe wa mifupa iliyotafunwa. Alikuwa fisi, mwenye njaa, na ua mbovu ulimfungulia njia. Vijana wakarudi kimya. Hakuna aliyempiga mama yule, twamshukuru Mungu. Lakini mpaka leo huchota maji adhuhuri, wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka kisimani.

Basi hatuna budi kujifunza kutazama chini. Chui na simba huficha kucha watembeapo, hivyo nyayo zao hazina alama za kucha. Wa chui una sentimeta 7 hadi 9 hivi, wa simba hufika 12 na kuzidi. Mbwa huonyesha kucha kama fisi, lakini nyayo zake ni ndogo, za mbele na za nyuma karibu sawa. Muhogo ukifukuliwa, tafuteni alama za kwato: nguruwe mwitu. Mkiokota miiba, ni nungunungu. Kuku wakipungua, tazameni kama kuna nyayo ndogo za vidole vitano vyenye kucha. Huyo ni nguchiro. Pengine mtakuta alama za viatu, na hiyo ni kazi ya Mwenyekiti wa kijiji.

Nguruwe mwitu asidharauliwe. Mwaka 2005 mtaalamu Craig Packer na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na kujeruhi wasiopungua 308, wengi wao upande huu wa kusini. Waliona kwamba hatari huzidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei, na mahali penye nguruwe wengi. Watu hulala katika madungu kulinda mazao. Nguruwe huja kula, simba huja kumtafuta nguruwe, humkuta mtu. Basi asemaye kwamba ni simba wa kutumwa, akaenda kumpiga ajuza, amemwacha nguruwe shambani na simba porini, na usiku wa pili mtu mwingine atalala katika dungu lile lile. Tena amevunja amri ya tisa, na Sheria ya Uchawi pia, ambayo tangu 1928 yakataza kumtaja mtu kuwa mchawi ovyo.

Katika Apokrifa, vitabu ambavyo Kanisa letu huvisoma kwa mafundisho ya mwenendo, kiko kile kifupi cha Beli na Joka. Kila siku sanamu ya Beli iliwekewa unga, divai na kondoo 40, na asubuhi vyote vimekwisha. Mfalme Koreshi aliamini Beli amekula. Danieli hakubishana naye sana. Alinyunyiza majivu sakafuni usiku, mlango ukafungwa kwa muhuri. Asubuhi mfalme alitazama meza tupu akaanza kumsifu Beli. Danieli akacheka, akamzuia asiingie, akamwambia atazame sakafu. Zilikuwako nyayo za wanaume, za wanawake na za watoto wadogo: makuhani 70 na jamaa zao, walioingia kwa mlango wa siri.

Majivu hayanunuliwi. Yachekecheni, yatandazeni jioni kuzunguka zizi na banda la kuku, upana wa hatua moja, na asubuhi mtazame kabla watoto hawajakanyaga. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya usafi wa kanisa, tutakuwa nyuma ya nyumba ya Padre na vijana watakaopenda kujifunza. Waje na rula. Majivu tutaleta sisi.