Mzee Aliyesahau: Je, Tumwambie Kweli?

Ndugu msomaji, nakuomba ulipime swali hili kabla ya kulijibu. Bibi mwenye umri wa miaka 85, aliyeshikwa na maradhi ya usahaulifu, amwuliza muuguzi kila jioni: "Mama yangu yu wapi? Mbona haji kunichukua?" Mama huyo alifariki zamani. Muuguzi akisema, "Mama yako amekwisha kufa," bibi atalia kana kwamba msiba umetokea leo; kisha atasahau, atauliza tena, na msiba utaanza upya. Akisema, "Yuaja, ngoja kidogo," amesema uongo. Basi je, dini inayotuamrisha kusema kweli yatutaka tumfiwishe bibi huyu mara kumi kwa siku moja?

Swali hili si la Ulaya peke yake. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wengine husema mzee amerudia utoto, na wengine hudiriki kunong'ona habari za uchawi. Kurani Tukufu haisemi hivyo. Katika Sura An-Nahl (16:71) twafundishwa kwamba wako watu wanaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata wakawa hawajui kitu baada ya kujua. Basi jambo hili ni sehemu ya maisha ya mwanadamu. Si laana wala aibu.

Zamani waganga wengi walidhani kwamba mzee anayezungumza mno habari za kale akili yake yaharibika. Mwaka 1963 tabibu wa Marekani, Robert Butler, aliandika kinyume chake: kuyarudia maisha yaliyopita ni kazi ya asili ya uzee, ambayo kwayo mtu huyapima maisha yake. Baadaye wauguzi wakaanza kufundishwa kuitumia kazi hiyo katika kuwahudumia wenye usahaulifu, kwa kuwa mara nyingi mambo ya juzi hutangulia kupotea, na ya utotoni hukawia. Huko Ireland wafanyakazi wa nyumba za wazee walipewa mafunzo hayo, na uchunguzi uliofanywa katika nyumba 18 ukatangazwa mwaka 2014. Muuguzi hujifunza historia ya kila mgonjwa. Huleta picha, nyimbo au vyombo vya kazi aliyoifanya. Naye huuliza ili asikilize, wala si ili amtahini.

Tusizidishe sifa. Mapitio ya majaribio 22 yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba faida ipo, ila ni ndogo, nayo hutofautiana kwa namna na mahali. Hii si dawa ya kuponya. Lakini hebu tazama jinsi inavyolifungua fundo letu. Muuguzi aliyefunzwa huketi, hushika mkono wa bibi, na kusema: "Bibi, naona wamtamani sana mama. Hebu nihadithie, alikuwa akikupikia nini?" Hapo hapana uongo, wala hapana msiba mpya. Bibi alikuwa akimtafuta mama yake, naye amepewa nafasi ya kukaa naye kitambo.

Huenda mtu akasema: huku ni kuikwepa kweli. La, hasha! Kurani Tukufu yatuamrisha kusema maneno yaliyonyooka (33:71), na uongo ni kupanda katika moyo wa mwenzio jambo usiloliamini. Muuguzi huyu hakupanda lolote. Aliisikia kweli iliyokuwamo ndani ya swali, yaani hamu ya mtoto kwa mzazi wake, akaijibu hiyo. Na bibi akishikilia kutaka jibu lenyewe, na aambiwe kwa upole, bila kuachwa peke yake na huzuni yake.

Mwingine atauliza: yafaa nini, maadamu mazungumzo hayo nayo atayasahau? Ndugu yangu, wewe pia ulinyonyeshwa, ukaogeshwa na kubembelezwa usiku, wala hukumbuki hata siku moja ya hayo. Je, yalipotea bure? Ndiyo maana Mwenyezi Mungu, baada ya kutukataza kuwaambia wazazi wazee hata neno dogo la kuchukizwa, alitufundisha kuwaombea rehema kama walivyotulea utotoni (17:24-25). Aliyesahau ni mzee. Anayeamriwa kukumbuka ni mtoto wake. Na Nabii Musa a.s., alipoulizwa na Firauni habari za vizazi vilivyopita, alijibu kwamba ujuzi wao uko kwa Mola wake, Asiyekosea wala kusahau (20:52-53). Basi maisha ya mzee hayafutiki kwa kufutika akilini mwake.

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba kalamu imeondolewa juu ya aliyepotewa na akili, hahesabiwi. Lakini haikuondolewa juu yetu tunaomhudumia.

Kwa hiyo, ukiwa na mzee wa namna hii nyumbani, usimwulize, "Mimi ni nani?" Mtajie jina lako, umwondolee aibu. Mwulize juu ya shamba lake, biashara yake, au sura aliyoihifadhi chuoni. Kumbukumbu ikimwumiza, usimlazimishe. Na akikusimulia kisa kile kile mara ya ishirini, msikilize kama vile ni mara ya kwanza, kwani kwake yeye ndiyo ya kwanza.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwa wakweli bila ukatili, na wapole bila uongo. Amin.