Mzee akisahau, si mlozi



Mwalimu wangu wa chuo, aliyenifundisha alifu na bee, alipatwa na kiharusi. Mguu ulipona, lakini akili ikapungua kama mtu anayeshuka ngazi: mara amesahau njia ya msikiti, baada ya miezi amesahau jina la mwanawe. Usiku alizunguka uani akisema peke yake. Watu wakasema, "Nkambo ni mlozi." Nilisikia, nikanyamaza. Ndiyo sababu ya kuandika leo.

Je, ni halali kumhukumu mtu kwa jambo tusilolijua?

Madaktari wanaujua ugonjwa huo. Mishipa ya damu ya ubongo ikiziba au kupasuka, sehemu za ubongo hukosa damu na kufa. Presha na sukari huuleta sana. Wana pia kipimo cha maji ya uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano, ile ambayo wazee wetu wa Kongo waliijua wakati wa malale. Katika maji hayo ugonjwa wa Alzheimer huacha alama: protini ya amiloidi hupungua, ya tau huongezeka. Lakini ule wa mishipa hauna alama moja ya kutosha. Daktari hutazama pia picha ya ubongo na habari za mgonjwa. Tena mara nyingi magonjwa yote mawili hukaa katika kichwa kimoja. Kule Kinshasa, mtaalamu Jean Ikanga na wenzake wamepima damu ya wazee kutafuta alama kama hizo.

Basi tazameni: mwenye sindano, picha na elimu husema kwa tahadhari. Sisi, tusio na kitu ila maneno ya jirani, twasema kwa yakini!

Mtu ataniuliza: "Imamu, kipimo hicho kiko mbali na Sandoa, tutajuaje?" Ndugu yangu, kipimo ni cha kutafutia tiba, si cha kutoa ruhusa ya huruma. Haki ya mzazi haingoji maabara. Na sheria yetu humwondolea hesabu aliyepotewa na akili. Vipi wewe umwandikie dhambi asiyoandikiwa mbinguni?

Tufanye yaliyo mikononi mwetu. Tuwapeleke wazee wakapimwe presha, maana presha ikitunzwa na ubongo hutunzika. Mzee akipotea, ashikwe mkono arudishwe kwake. Na anayemwita mlozi akanywe siku hiyo hiyo, asiachwe kama nilivyowaacha mimi.

Mwalimu wangu alifariki hajui jina langu. Al-Fatiha alikuwa bado anaisoma.

Mwenyezi Mungu amrehemu, nasi atusamehe. Amin.