Zawadi ya Mwalimu: Kabla ya Ripoti au Baada Yake?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwalimu wa walimu, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.



Muhula wa tatu unapokaribia kwisha hapa Uganda, wazazi wengi hujiuliza wampe nini mwalimu wa mtoto wao. Sisi tulio chuoni hudhani jambo hilo halituhusu, kwa kuwa wengi wetu hatujapata watoto. Lakini sisi ndio wajomba, mashangazi, kaka na dada tunaotumwa kuipeleka hiyo zawadi. Na wenzetu wanaosomea ualimu, kesho wao ndio watakaonyooshewa mkono wenye bahasha. Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu mwaka jana bahasha hiyo niliibeba mimi.

Dada yangu anaishi Walukuba, Jinja, na anauza samaki wa kukaanga. Mwanawe alikuwa darasa la nne katika shule ya kulipia, na baada ya Alasiri alikwenda madrasa. Nilipomaliza mitihani yangu hapa Mbale nilipanda taksi, tukapita Tirinyi na Iganga, nikafika kwake kabla ya Magharibi. Alinipa chakula, kisha akaweka bahasha mezani.

"Mdogo wangu, wewe unasomea dini, watu wanakuheshimu. Kesho mpelekee mwalimu wa darasa. Mwambie ni zawadi ya mwisho wa mwaka."

Ndani mlikuwa na shilingi 50,000. Nikamuuliza, "Ripoti zinatoka lini, dada?"

"Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Hakuongeza neno, nami sikuuliza zaidi. Mtoto alikuwa dhaifu katika hesabu, na shule ile humrudisha darasa asiyefikia alama. Kurudia ni karo ya mwaka mwingine mzima, na mimi najua dada yangu anavyoipata kila shilingi. Usiku ule nilijiambia kwamba zawadi ni sunna, kwamba Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini ndivyo nafsi inavyomwingia mtu anayesoma dini: haimjii na uongo mtupu, humletea mafundisho mema na kuyaweka mahali pasipo pake.

Kesho yake nilimkuta mwalimu, mama wa makamo, ameketi chini ya mwembe anasahihisha madaftari. Nilimsalimu, nikampa bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua. Alisema, "Asante, mwanangu, lakini rudi nayo nyumbani. Jumamosi, mama yake akiwa ameshaiona ripoti, kama bado mnataka kunishukuru, nitapokea. Hata ikiwa ni ndizi."

Mama yule ni Mkristo. Niliondoka nimeinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa amenisomesha mlango ambao mimi nilikwisha kuusoma darasani na kuufanyia mtihani.

Ndugu zangu, mlango wenyewe ni huu. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka kwa Banu Sulaym. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza, kwa maana yake: mbona mtu huyu hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hizo zingemfuata? Kisha akaonya kwamba anayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni.

Tazameni mizani ile ilivyo nyepesi kutumia. Hakuuliza kitu kina thamani gani, wala hakuuliza mtoaji amekiita jina gani. Aliuliza kama kitu kingekuja lau cheo kisingekuwapo. Khalifa Umar bin Abdul Aziz aliporudisha matufaha aliyoletewa, akaambiwa kwamba Mtume alikuwa akipokea zawadi, jibu lake lilikuwa kwamba kwa Mtume ilikuwa zawadi, na kwa watawala waliokuja baadaye imekuwa rushwa. Na katika Suratun Naml tunasoma kwamba malkia wa Sabai alimpelekea Nabii Sulayman (a.s.) zawadi ili aone wajumbe watarudi na nini. Nabii Sulayman aliirudisha. Alijua kwamba anapimwa bei.

Kwa hiyo mzazi akitaka kujua kama anachokipeleka ni zawadi, ajiulize hivi: je, ningempa mwalimu huyu kitu hiki kama ripoti ingekuwa imekwisha kutoka, na imetoka vibaya? Akijibu ndiyo, apeleke kwa moyo mkunjufu. Akisita, basi kilichomo ndani ya bahasha kina jina jingine.

Mimi na dada yangu tulijibiwa swali hilo Ijumaa. Ripoti ilisema mtoto arudie darasa la nne. Dada alilia, akanilaumu kwamba sikumshikilia mwalimu mpaka apokee. Jumamosi asubuhi nikamuuliza, "Bahasha iko wapi, tumpelekee?" Akanitazama kama niliyepotewa na akili. Ile 50,000 ilikuwa imekwisha kurudi katika mtaji wa samaki. Hapo ndipo nilipofahamu tulichokuwa tumekifanya. Tulikwenda dukani, bidhaa hatukuipata, tukarudisha pesa mfukoni.

Msinielewe vibaya. Simlaumu dada yangu kuliko ninavyojilaumu mwenyewe. Yeye aliogopa karo. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu, nikanyamaza. Wala sisemi kwamba walimu wasipewe kitu. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu, na ni nani katika nchi hii aliyedhulumika shukrani kama mwalimu? Shule zilipofungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu wengi wa shule za kulipia walikaa bila mshahara, wengine wakaingia kwenye boda boda na matofali. Mwaka huohuo wa 2022 mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii katika sekondari za serikali ulipanda hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wenzao wa masomo ya sanaa na wa shule za msingi waliachwa nyuma, wakagoma. Huyo wa msingi ndiye aliyetushika mkono sisi sote tukaandika herufi ya kwanza.

Na yuko mwingine aliyesahauliwa zaidi. Katika wiki ile yote, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyemtaja ustadh wa madrasa. Mpwa wangu alikuwa amehifadhi sura za mwisho wa juzuu ya thelathini mwaka ule. Aliyemhifadhisha huja kwa baiskeli kila jioni, na tairi yake ya nyuma, nilipoitazama vizuri, ilikuwa imeshonwa kwa uzi. Hatukumkumbuka kwa sababu ustadh hatoi ripoti, wala hamrudishi mtu darasa. Hana cha kutufanyia, basi hatukuwa na cha kumpa. Niliona haya mbele ya Mwenyezi Mungu.

Baadhi yetu tutasema kwamba mwalimu wa Qur'ani hafai kupokea kitu, na watataja habari ya Ubada bin as-Samit (r.a.) iliyomo katika Abu Dawud. Aliwasomesha watu wa Suffa, mmoja wao akampa upinde, na Mtume akamwonya kwa onyo kali. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili kwa urefu. Wako waliosema kwamba Ubada alianza kazi ile kwa kutaka radhi za Allah peke yake, hivyo haikufaa aibadilishe baadaye kuwa ya malipo. Na wengi, wakiwamo wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wanayoyafuata Waislamu wengi wa nchi yetu, wameruhusu ujira wa kusomesha, kwa hadithi ya Bukhari ya Ibn Abbas (r.a.) inayokitaja Kitabu cha Allah kuwa ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Ikiwa ujira unafaa, zawadi isiyoombwa inafaa zaidi. Husimuliwa pia kwamba mtoto wa Imam Abu Hanifa, Hammad, alipojua Suratul Fatiha, Imam alimpelekea mwalimu wake fungu kubwa la dirhamu. Mwalimu alistaajabu, akauliza amefanya nini hata astahiki hayo. Imam akamwona amekidharau kitu kikubwa alichomfundisha mwanawe.

Basi tuchagueje? Nitasema machache.

Kwanza, mtazame mwalimu kabla ya kutazama duka. Anakuja kazini kwa nini? Anakosa nini? Ustadh wa mpwa wangu nilimnunulia tairi ya baiskeli kwa pesa yangu ya matumizi, na sijawahi kununua kitu kilichonipendeza hivyo. Sisi wa Mbale tuna kahawa ya Bugisu na malewa kutoka Masaba, na watu wa Jinja wana samaki wa ziwani. Kilo ya kitu kizuri cha kwenu inamfaa mwalimu kuliko kikombe cha kumi kilichoandikwa maneno ya sifa. Mtume (s.a.w.) amewaasa wanawake wa Kiislamu wasidharau zawadi ya jirani, hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Lakini pia Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho.

Pili, tusilazimishane. Siku hizi wazazi huchangishana kwenye WhatsApp, na majina ya wasiotoa hubaki wazi kila mtu ayaone. Mama mjane hutoa akiba ya chakula ili asiaibike. Mali ya Mwislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na ridhaa ya aliyeaibishwa haihesabiki. Anayechangisha akusanye kimya, na mtoto wa asiyetoa ajumuishwe kama wengine.

Tatu, tusiache kumpa mwalimu asiye Mwislamu kwa kuogopa kwamba Desemba ni mwezi wa Krismasi. Mwambie ni shukrani ya kazi ya mwaka, imekwisha. Suratul Mumtahana, aya ya 8, inaturuhusu kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini yetu, na Umar bin al-Khattab (r.a.) alimpelekea nguo ya hariri ndugu yake wa Makka aliyekuwa bado mushriki.

Nne, asiye na kitu asikae kimya. Mtume amefundisha kwamba tukishindwa kumlipa aliyetutendea wema, tumwombee dua. Na mtoto anaweza kuandika barua. Mpwa wangu aliandika yake, kwa hati mbaya, akamshukuru madamu kwa kumpa penseli siku aliyosahau ya kwake. Aliiandika bila kuambiwa na mtu, siku tatu baada ya ripoti iliyomrudisha darasa. Dada aliisoma mara mbili, akaingia jikoni, akakaanga ngege wawili wakubwa, akawafunga vizuri. Tulikwenda watatu kwa miguu hadi nyumbani kwa mwalimu. Alipokea samaki, akasoma barua, kisha akamweleza dada kwa utulivu mahali mtoto anapokwama: kugawanya. Dada alikuwa hajui. Mwaka mzima alikuwa anaogopa alama, na hakuwahi kukaa na mwalimu kuuliza. Mtoto amerudia darasa la nne, na karo imetuuma.

Wanafunzi wenzangu, mizani hii tusiwapimie wazazi tu. Na sisi huku chuoni, anayempelekea mhadhiri zawadi wakati alama hazijafungwa, au anayembebea mkoba kwa sababu tasnifu iko mezani kwake, ajiulize swali lilelile. Na wenzetu mtakaokwenda shuleni kufundisha kwa mazoezi, bahasha itakuja. Itakuja na tabasamu, na pengine na Assalamu alaykum. Ikumbukeni shingo ya Ibn al-Lutbiyya, na mkumbukeni mama yule chini ya mwembe.

Na kama una mwalimu aliyekufundisha zamani, ambaye leo hawezi kukupandisha wala kukushusha, mpigie simu juma hili. Huyo ndiye ambaye zawadi yako kwake haina shaka.

Ewe Mola wetu, walipe walimu wetu kheri, walio hai na waliotangulia mbele ya haki. Zitakase nia zetu katika kutoa na katika kupokea, na utulinde na haramu iliyovaa nguo ya sunna. Amin.

Wabillahi tawfiq.