Pipa la Mama na Kitabu cha Mtoto



Wakatekumeni wapenzi, mama mmoja aliniuliza baada ya mafundisho: "Mwalimu, nikivunja pipa langu la lutuku, nani atamlipia mwanangu minervali ya Chuo Kikuu?" Swali hilo si la mchezo. Leo tulijibu mbele ya Mungu.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifunguliwa mwaka 1956, mji ungali ukiitwa Élisabethville. Tangu siku hizo wazazi wengi wameuza mahindi, mbuzi na makaa, ili mtoto wao aketi pale Kasapa, asome udaktari au sheria. Jioni kijana huyo anashuka mjini, katika mtaa uitwao Kenya. Anakuta muziki, marafiki na kikombe. "Kidogo tu," wanamwambia. Na kesho yake ana mtihani.

Ni nini kinachotendeka mwilini mwake? Ini huhitaji kama saa nzima kuondoa pombe ya glasi moja ndogo ya bia. Kahawa na maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Na lutuku ni kali kuliko bia mara nyingi. Tena usingizi wa mlevi si pumziko. Katika saa zile ambazo akili ingeyaweka ghalani masomo ya mchana, inahangaika bure. Asubuhi kijana anashika kalamu, wala hakumbuki alichosoma. Akili ni zawadi ya Mungu. Anayekunywa kwa kusudi hata kuipoteza anatenda dhambi kubwa.

Je, Bwana wetu hakugeuza maji kuwa divai kule Kana? Aligeuza. Eklezia haikatazi divai, inakataza ulevi. Fadhila inayotulinda inaitwa kiasi.

Sikieni habari ya Mtakatifu Monika, mama Mwafrika, aliyefariki mwaka 387. Alipokuwa msichana, wazazi wake walimtuma kuteka divai pipani. Kwanza alilowesha midomo tu. Kila siku akaongeza kidogo. Mwisho akawa anamaliza vikombe. Siku moja mjakazi alimkasirikia, akamwita mlevi. Monika akaona aibu, akaacha papo hapo. Ndiye aliyemzaa Augustino, mwanafunzi wa Kartago, aliyepotea miaka mingi na baadaye akawa Askofu. Kama Monika angaliendelea na kikombe, nani angalimlilia mwanawe katika sala miaka yote ile?

Sasa namjibu mama yule. Mama, pipa lako linalipa minervali ya mwanao, lakini linakunywa minervali ya mwana wa mwenzako. Na mwenzako naye akipika, anayekunywa ni mwanao. Uza munkoyo ungali mtamu, uza mboga, uza unga. Faida itapungua, najua. Kwa sababu hiyo sisi tunaosali pamoja nawe tusikuache peke yako: tununue kwako, tena tusaidiane kulipa. Tukikukemea tu bila kukusaidia, nasi tuna hatia.

Wapenzi, mnajiandaa kwa maji ya Ubatizo. Juma hili, kabla ya kulala, kila mmoja ajiulize: Mkono wangu umempa nani kikombe? Na mkono wangu umemsaidia nani kushika kitabu?

Mtakatifu Monika, utuombee sisi na watoto wetu. Amina.